Tairi la Mbele Linapoliwa Upande: Dalili, Sababu na Marekebisho kwa Magari ya Spoti

Katika gereji za Tanga, kuanzia zile za barabara za Ngamiani hadi zilizo njiani kuelekea Kange, lalamiko la mwenye gari la spoti hutofautiana kwa maneno tu. Mmoja atasema, "Fundi, gari linakula tairi." Mwingine atasema linavuta kushoto. Wa tatu hajui lolote mpaka siku ya kubadilisha oili, gari likiwa juu ya jeki, kijana wa gereji anapomwita aje aone nyaya zilizotokeza upande wa ndani wa tairi ambalo kwa nje lingali na sura ya upya. Magari yenyewe ni yale yale: Toyota Altezza, Subaru Impreza WRX, Mazda RX-8, mara chache Nissan Fairlady Z, pamoja na Mark X zilizoshushwa chini. Mwongozo huu unafuata dalili anayoiona mwenye gari, na chini ya kila dalili sababu zimetangulizwa kwa kadiri zinavyotokea mara nyingi, si kwa kadiri zinavyotisha.

Yako maneno matatu ambayo hayaepukiki. Tou ni mwelekeo wa magurudumu yakitazamwa kutoka juu: yakikaribiana kwa mbele, kama miguu ya mtu anayetembea vidole vikitazamana, hiyo ni tou ya ndani, yakiachana kwa mbele, ni tou ya nje. Kemba ni mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele ya gari; likiinamia ndani kwa upande wa juu, huitwa kemba hasi, likiinamia nje, kemba chanya. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukitazamwa kutoka ubavuni. Hii haili tairi kwa kiasi cha kuonekana, lakini ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Kupima na kurekebisha hayo matatu ndiyo alaimenti. Balansi, yaani kubandika vipande vya risasi kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke, ni kazi nyingine kabisa, ingawa wengi hulipia balansi wakaondoka wakiamini wamefanyiwa alaimenti.

Lisome tairi kwanza

Kabla ya kupeleka gari kwenye mashine yoyote, pima upepo asubuhi, gari likiwa halijatembea. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kando ya mlango wa dereva, na katika magari mengi ya aina hii ni kati ya PSI 30 na 36. Upepo uliopimwa baada ya safari ya Muheza na kurudi utasoma juu zaidi kwa sababu hewa ndani ya tairi imepata moto. Kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, kipimo hupanda kwa PSI moja hadi mbili. Anayepunguza upepo wakati tairi lina moto ataamka kesho yake na tairi legevu, kisha atailaumu alaimenti.

Baada ya hapo, zungusha usukani hadi mwisho upande mmoja, shuka, uchuchumae mbele ya tairi. Hili ndilo jambo ambalo wenye magari hawalifanyi, na ndilo lingewaokolea fedha nyingi kuliko jingine lolote, kwa kuwa matairi mapana yaliyojaa ndani ya bodi huficha ukingo wa ndani mpaka usukani ugeuzwe. Pima kina cha kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga lami, katika sehemu tatu: ndani, kati na nje. Ndani ya mifereji mikuu utaona vijiti vidogo vya mpira vilivyoinuka. Vimewekwa kwenye kina cha milimita 1.6, na kashata ikiwa sawa navyo, tairi hilo limekwisha hata kama likitazamwa kwa mbali bado linapendeza.

Mwisho, pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kama kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, tairi limekwisha kukuambia mengi. Fanya hivyo polepole, na ukishaona waya hata mmoja, acha kupapasa. Nyaya hizo zinachana ngozi.

Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni: 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lililokaa ghalani miaka mingi huwa gumu, na huliwa kwa namna isiyofuata kanuni yoyote ya hapa chini.

Dalili ya kwanza: ukingo wa ndani unaisha, wa nje bado mzima

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na karibu kila mtu husema "kemba". Mara nyingi si kemba. Kemba hasi ya digrii moja hadi mbili, ambayo magari mengi ya spoti hutumia ili yashike kona, ikiwa peke yake hula ukingo wa ndani polepole sana. Kinachomaliza tairi kwa kasi ni tou ya nje. Piga hesabu: gurudumu lililopotoka kwa nusu digrii tu huburutwa kwenda kando karibu mita 8.7 katika kila kilomita moja linayosafiri. Kwa safari ya kilomita 100, tairi limesuguliwa juu ya lami karibu mita 870, na pale lilipo na kemba hasi, msuguo huo wote unaangukia ukingo wa ndani. Mambo hayo mawili yakikutana, tairi jipya linaweza kufika kwenye nyaya kabla mwenye gari hajamaliza kulisifia.

Sababu ya kwanza, basi, ni tou iliyohama, na mara nyingi imehama kwa sababu ya shimo. Baada ya masika, mashimo hujificha chini ya maji, na tairi lenye ubavu mfupi halina mpira wa kutosha wa kumeza pigo. Pigo lote linaingia kwenye tairodi, kile chuma chembamba kinachounganisha usukani na gurudumu. Unaweza kujipimia tou bila mashine. Egesha gari mahali palipo sawa, inua gurudumu moja kwa jeki, lizungushe huku ukishikilia chaki au msumari kwenye mpira ili upate mstari mmoja ulionyooka kuzunguka tairi zima, kisha fanya hivyo upande wa pili. Shusha gari, lisukume mbele kiasi cha mita mbili ili springi zikae mahali pake, halafu kwa msaada wa mtu mwingine pima kwa futi kamba umbali kati ya mistari hiyo miwili kwa mbele na kwa nyuma ya matairi, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Umbali wa mbele ukizidi wa nyuma, una tou ya nje. Tofauti ya milimita 3 si kosa dogo la futi. Kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 630 ni zaidi ya robo digrii. Njia hii haichukui nafasi ya mashine, ila inatosha kukuambia kama unapaswa kwenda kwenye mashine leo au mwezi ujao.

Sababu ya pili ni kulegea. Hapa watu hupoteza fedha kwa kufanya alaimenti mara tatu kwa mwaka. Bushi (mpira wa kiungo) ya mkono wa chini, chuma kinachoshika gurudumu kwa chini, ikichanika, gari lililosimama juu ya mashine linasoma namba nzuri, lakini likikanyagwa breki au kupigwa na tuta, mkono unarudi nyuma na tou inafunguka. Hiyo ndiyo alaimenti ya "waja leo, waondoka leo". Kagua hivi: inua gari, liweke juu ya stendi, shika tairi kushoto na kulia ulitikise, mchezo, yaani ulegevu, unaousikia hapo huwa wa tairodi au wa kiungo cha ndani cha reki ya usukani. Kisha lishike juu na chini ulitikise. Mchezo wa hapo ni wa boljointi, kiungo cha mviringo ambacho gurudumu hugeukia, au wa beringi, na ukitaka kuvitofautisha, mtu mmoja akanyage breki wakati mwingine akitikisa, kwani mchezo wa beringi hupungua na wa boljointi hubaki. Katika magari ambayo springi imekaa juu ya mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo, vinginevyo uzito wa springi huibana boljointi na kuficha ulegevu wake. Bushi huonekana kwa kutumia mtaimbo mfupi: isukume taratibu, na mpira ukiachana na chuma au ukitoa majimaji, imekufa.

Sababu ya tatu ni gari kushushwa. Springi fupi hubadilisha kemba na tou kwa wakati mmoja, na mwenye gari huendelea kutumia vipimo vya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Wako wanaokata springi za asili kwa msumeno. Mbali na kuharibu mwelekeo wa magurudumu, springi iliyokatwa inaweza kutoka kwenye kikalio chake gurudumu linaponing'inia, na kwa hili sina maneno ya upole: irudishwe ya kiwandani, au inunuliwe iliyotengenezwa kwa kimo hicho.

Ya mwisho, na nadra zaidi, ni chuma kilichopinda: mkono, shokapu au kifundo cha gurudumu chenyewe. Dalili yake ni kemba ya upande mmoja kutofautiana na ya upande wa pili kwa zaidi ya digrii moja ilhali bushi zote ni nzima. Hapo acha. Chuma cha kusimamishia gari hakinyooshwi kwa moto wala hakiungwi kwa kulehemu, hata fundi akikuapia kwamba amefanya hivyo miaka yote. Fundi mwenye mashine kamili atapima pembe ya mhimili wa usukani na kukuambia ni kipande kipi kimepinda, nacho kibadilishwe kizima.

Dalili ya pili: kashata zimechongeka kama meno ya msumeno, na tairi linavuma

Mlio huu huanza kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, na wengi huudhania kuwa beringi. Kiganja ndicho kinachotoa hukumu. Ukipapasa kutoka nje kwenda ndani ukaona laini, na kurudi nje kukakwaruza, una tou ya ndani iliyozidi. Ikiwa kinyume chake, una tou ya nje. Sababu ya kuamini kiganja ni kwamba mpira huviringika upande unaotangulia kusuguliwa na kuacha makali upande wa nyuma yake, hivyo makali hayo hayawezi kudanganya mwelekeo.

Rekebisha tou, kisha uvumilie. Mvumo hauondoki siku hiyo, kwa kuwa tairi limekwisha kuchukua umbo hilo, nalo linahitaji kilomita nyingi kunyooka, kama litanyooka. Nimewaona watu wakirudi gereji kesho yake kwa hasira wakidai kwamba kazi haikufanyika.

Nissan Fairlady Z ya aina ya Z33, ambayo katika nchi nyingine huitwa 350Z, ina historia yake hapa. Magari ya miaka ya mwanzo, baada ya kutoka mwaka 2002, yalilalamikiwa sana kwa mvumo na kuchongeka kwa matairi ya mbele, hata Nissan yenyewe ikatoa maelekezo ya kiufundi kwa mafundi wake kuhusu jambo hilo. Mwenye gari hili ajue mambo mawili. La kwanza, tou pekee ndiyo inayorekebishika kwa mbele katika hali ya kiwandani. Kemba na kasta hazina boliti ya kurekebishia, na anayekuahidi kuzirekebisha bila kubadilisha mikono ya juu anakuuzia karatasi iliyochapishwa tu. La pili, bushi kubwa za mikono ya mbele zina majimaji ndani yake na zinajulikana kwa kupasuka. Doa jeusi lenye mafuta karibu na bushi ni ushahidi wa kutosha. Gari likiwa na matairi ya milimita 225 mbele na 245 nyuma, usifikirie kuyahamisha ya mbele nyuma ili yaliwe sawa.

Dalili ya tatu: gari linavuta upande mmoja

Barabara zetu zina mgongo. Lami huinuka katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, kila gari zima huteremka kidogo kuelekea kushoto. Gari linaloelea kushoto taratibu, kiasi cha kubadili njia baada ya sekunde kadhaa, huenda halina ugonjwa wowote. Lijaribu mahali palipo tambarare, pasipo na magari, vidole vikiwa vimegusa usukani bila kuushika kwa nguvu, wala usiuachie kabisa.

Likivuta kweli, pima upepo tena kwa matairi yote mawili. Ukiwa sawa, badilishana tairi la mbele kushoto na la mbele kulia, ikiwa si aina yenye mshale wa mwelekeo ubavuni. Kama mvuto umehamia upande wa pili, kosa ni la tairi lenyewe: nyuzi zake za ndani zimekaa mshazari, na linaviringika kama koni. Hakuna alaimenti itakayoliponya. Nalitaja mapema kwa sababu matairi ya mtumba ni mengi, na jaribio hili linataka spana na dakika 20 tu.

Mvuto usipohama, gusa rimu zote mbili za mbele kwa tahadhari baada ya safari fupi. Iliyo na moto kuliko mwenzake ina breki iliyogoma kuachia, na hapo breki ishughulikiwe kabla ya jambo jingine. Baada ya breki ndipo tunafika kwenye pembe. Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi, na kuelekea upande wenye kasta ndogo zaidi. Kasta iliyopungua upande mmoja, tena gari likiwa limegonga kingo ya barabara hivi karibuni, huonyesha kwamba mkono wa chini umesukumwa nyuma.

Uko mvuto wa namna nyingine ambao si mvuto. Kwenye barabara kuu ya kwenda Segera, mahali ambapo malori yamelaza lami ikafanya mikondo miwili mirefu, gari lenye matairi mapana hutangatanga, mara kushoto mara kulia, likifuata kuta za mikondo hiyo. Tairi jembamba la gari la kawaida halisikii. Tou ya nje huzidisha hali hiyo, hivyo ipimwe, lakini ikiwa iko sawa, iliyobaki ni tabia ya tairi pana, na dereva ashike usukani kwa utulivu bila kushindana nao.

Dalili ya nne: gari linanyooka, usukani umekaa mshazari

Mara nyingi fundi amefungua tairodi ya upande mmoja tu. Tou ikisahihishwa kwa kuzungusha upande mmoja, jumla yake hutoka sawa lakini usukani hupinda. Dawa ni kuufunga usukani ukiwa umenyooka, kisha kuzungusha tairodi zote mbili kwa kipimo sawa. Usikubali usukani ung'olewe na kurudishwa ukiwa umehamishwa jino. Ndani yake mna mfuko wa hewa, na kosa lenyewe linabaki palepale.

Kama tairodi hazikuguswa, tazama nyuma. Altezza na RX-8 zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea kila moja, na tou ya nyuma ikihama, gari hutembea ubavu kama kaa wa Raskazone huku dereva akilinyoosha kwa usukani. Ndiyo maana kipimo cha magurudumu yote manne ni lazima, tena kwa utaratibu huu: nyuma kwanza, halafu kasta na kemba za mbele, na tou ya mbele iwe ya mwisho, kwa kuwa kila rekebisho lililotangulia huisogeza. Taa ya udhibiti wa utelezi ikiwaka baada ya kazi, kitambuzi cha pembe ya usukani kinahitaji kuwekwa upya kwa kompyuta.

Dalili ya tano: mabonde mabonde kuzunguka tairi

Ukingo umechimbika kwa vipande, kama mtu aliyekula embe kwa kijiko, na usukani unatetemeka. Shokapu iliyokufa ndiyo mshukiwa mkuu: gurudumu hurukaruka juu ya lami na kila linapotua huuma kipande. Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako, kisha uachie. Ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja na nusu, au ukiona mafuta yanatiririka kwenye mwili wa shokapu, jibu limepatikana. Zibadilishwe mbili kwa pamoja. Baada ya shokapu kuna balansi iliyopotea, kisha rimu iliyopinda, jambo la kawaida kwa rimu za alumini za inchi 17 na 18, kisha beringi.

Kwa Subaru Impreza pana mtego. Boliti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu na kifundo cha gurudumu ndiyo inayorekebisha kemba. Imetengenezwa isiyo duara kamili, na ina alama kichwani. Atakayeifungua bila kuweka alama ya rangi ataondoka na shokapu mpya na kemba ya kubahatisha, na ukingo wa tairi utaanza kuliwa wiki hiyo hiyo. Weka alama, na hata baada ya hapo nenda kwenye mashine.

Kingo ya nje, hasa tairi la kushoto

Tou ya ndani iliyozidi hula nje ya matairi yote mawili. Likiliwa la kushoto peke yake, mtazame kwanza dereva. Katika nchi inayoendesha kushoto, mzunguko wa barabara hufuatwa kwa kugeukia kulia, na uzito wote huegemea tairi la mbele kushoto. Kijana anayeingia kwenye mzunguko kwa kasi jioni baada ya jioni atalimaliza bila kosa lolote la gari. Aliyezoea kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto ataliwa kingo za nje za pande zote mbili. Hapo kemba hasi kidogo zaidi, ndani ya mipaka ya kiwanda, husaidia kweli, na ni moja ya nafasi chache ambapo nitashauri iongezwe.

Tairi likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha kingo zote mbili kwa usawa, umepungua. Hakuna zaidi ya kueleza.

Alaimenti inayogoma au isiyodumu

Chumvi ya baharini ni adui ambaye vitabu vya magari vilivyoandikwa mbali na pwani havimtaji vya kutosha. Gari lililolala miaka mitano Raskazone au Sahare, pua ikielekea upepo wa bahari, mara nyingi lina nati za tairodi zilizoshika kutu, na zile boliti za kurekebishia kemba zimegandamana na chuma kilicho ndani ya bushi. Fundi akikuambia kwamba kemba "haibadiliki", muulize kama boliti imezunguka au imegoma. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mimina mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, sugua ncha za nyuzi kwa brashi ya waya kabla ya kuzungusha nati, na ukikuta boliti inazunguka pamoja na mpira wa bushi, acha hapo hapo, kwa kuwa unachana bushi bila kubadilisha kitu. Moto wa gesi karibu na bushi au boljointi huunguza mpira na kuyeyusha grisi, na madhara yake hujitokeza baada ya wiki kadhaa, barabarani. Boliti ya namna hiyo hukatwa na kubadilishwa pamoja na bushi yake, na ni kazi ya fundi mwenye vifaa, si ya uani kwa nyumba.

Zile bushi mpya nazo zina sharti moja ambalo hupuuzwa kila mara. Boliti zake zikazwe kwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote juu ya magurudumu, au mikono ikiwa imeinuliwa hadi kimo hicho. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hubaki umesokotwa muda wote gari linapotembea, huchanika mapema, na kimo cha gari chenyewe hupotea; mwenye gari hurudi baada ya miezi michache akiwa na malalamiko yale yale na risiti mkononi.

Usifanye kazi yoyote chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala usifungue nati ya juu ya shokapu yenye springi bila kibana springi kinachostahili. Ukisikia chuma kikigonga unapogeuza usukani, ukiona boljointi ikitoka kwenye kikombe chake, ukiona nyaya za tairi, au usukani ukiwa na mchezo kabla ya magurudumu kuitika, gari lisiendeshwe hata hadi gereji ya mtaa wa pili. Fundi aitwe, au libebwe.

Siku ya kutoka kwenye mashine, omba karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada, kwa magurudumu yote manne, ukaihifadhi pamoja na kadi ya gari. Kaza tena nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo baada ya kilomita 50 hadi 100; kwa Toyota nyingi ndogo ni N·m 103. Kisha, baada ya kilomita elfu moja, zungusha usukani hadi mwisho, uchuchumae, na upime tena zile sehemu tatu za kashata: ndani, kati na nje.